Leseni Yako Iko Sawa

Askari wa trafiki aliishika leseni yangu, akaigeuza nyuma na mbele, akaiinua kidogo kama mtu anayekagua noti ya elfu moja, kisha akanirudishia. "Iko sawa," akasema.

Nyuma yake, kwenye mtaro wa barabara moja ya udongo huko Embu, upande wa msituni, pikipiki ilikuwa imelala chali. Mwenyewe alikuwa ameshapelekwa hospitali kwa pikapu ya maziwa, mguu wake wa kushoto umefungwa kwa leso na vipande viwili vya mbao. Gunia lake la parachichi lilikuwa limepasuka na matunda yakateremka kilima chote hadi darajani. Watoto walikuwa wanayaokota na hakuna aliyewakataza.

Ilikuwa Aprili 2022, mvua imeshika. Nilikuwa na miaka 23. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo na sababu nyingine ambazo si za makala hii, na mjomba alikuwa amenikabidhi Prado yake nimpelekee mbolea shambani. Leseni yangu ilikuwa na miezi minane. Niliipata kwa kusukuma kigari cha kuchezea juu ya ule ubao uliochorwa barabara, ubao ambao kila Mkenya aliyepitia shule ya udereva anaujua, halafu kwa kuendesha gari dogo la saluni dakika kama kumi kwenye lami. Hakuna aliyeniambia kwamba gari la karibu tani mbili, lililobeba magunia ya mbolea, likianza kuteleza kwenye udongo mwekundu wa mteremko, ukikanyaga breki umekwisha. Mimi niliikanyaga. Nikaendelea kuikanyaga.

Kando ya gia ya Prado ile kulikuwa na kijiti kingine kifupi. Nilijua ni cha kuunganisha magurudumu yote manne. Nilidhani ni cha kujinasua ukikwama, basi. Siku hiyo kilikuwa karibu na goti langu na sikukigusa.

Kisha askari akauliza swali la pili: huyu wa nduthi ana leseni? Wazee waliokuwa pale wakatazamana. Hakuwa nayo. Askari akaandika kitu kwenye daftari lake na, kwa jinsi alivyonitazama, nikajua mambo yamegeuka. Mimi niliyeteleza nilikuwa na karatasi. Aliyevunjwa mguu hakuwa na karatasi. Nilipaswa kufungua mdomo pale pale niseme kosa ni langu. Nilinyamaza.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo kwanza lilionekana rahisi: mtu anayetaka kuendesha 4x4, yaani gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, lile refu, zito, la kupanda milima, je, awe na leseni yake maalum? Jibu langu la kwanza lilikuwa ndiyo, na haraka. Nikalipeleka kwa Guka, babu yangu, karibu na Runyenjes, nikidhani atanipigia makofi. Guka ameendesha Land Rover tangu 1977 na hajawahi kugonga hata mbuzi.

Alinisikiliza hadi mwisho, akanywa chai yake, akauliza: "Na hiyo leseni itatolewa na nani?"

Nilidhani anakwepa swali. Imenichukua muda kuelewa kwamba swali lenyewe ndilo hilo, na kwamba kwa watu wa Embu na Meru lina historia ndefu kuliko gari lenyewe.

*

Tuanze na kipande. Kuanzia 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyefika miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi ya alama za vidole na rekodi ya kazi zake, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Bila kipande huwezi kutembea, huwezi kuajiriwa, huwezi kuacha kazi. Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya serikali ambayo babu za babu zetu waliijua kwa uzito wake, kwa sababu kamba yake iliwakata shingo.

Halafu kuna kahawa. Nenda leo Embu au Meru, uone miti ya kahawa inavyoshuka kwenye kila mteremko hadi mtoni, utadhani ilikuwapo tangu Mungu aumbe mlima. Lakini kwa miongo ya kwanza ya ukoloni, Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda. Ilihitaji leseni, na leseni ilikuwa ya mlowezi. Sababu zilizotolewa zilisikika za busara: Mwafrika hatapulizia dawa vizuri, magonjwa yatasambaa, ubora utashuka, kahawa ya Kenya itaharibika jina sokoni. Sababu ambayo haikutangazwa sana ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakuja kuchuma kahawa yako.

Mapema miaka ya 1930 serikali ililegeza kidogo. Ilikubali jaribio katika maeneo matatu: Kisii, Embu na Meru. Miti michache kwa kila mkulima, chini ya macho ya afisa wa kilimo. Yaani wazee wa kwetu walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kupewa leseni maalum ya kufanya jambo ambalo jirani mzungu alilifanya kama haki yake. Na walifanya nini? Walilima kahawa nzuri. Ile hofu ya ubora ikafa polepole, bila mtu kuja kuomba msamaha. Milango ilifunguliwa kwa upana kuanzia 1954 tu, na mpango wa kilimo wa Roger Swynnerton. Hata hapo lengo lilikuwa la kisiasa: mkulima mwenye mazao ya pesa hataingia msituni.

Kwa sababu wakati huo tayari wengi walikuwa msituni. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na vitabu vya serikali vikaanza kutuandika kwa pumzi moja: Wakikuyu, Waembu na Wameru. Makabila matatu, fungu moja, vibali vya aina yake. Kibali cha kusafiri. Kitabu cha pasi cha kuishi na kufanya kazi Nairobi. Tarehe 24 Aprili 1954 ilipoanza Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi na kuwachambua watu wa makabila haya matatu mtaa kwa mtaa, na maelfu wakapelekwa kizuizini. Hata kura ilikuwa na cheti chake. Mwaka 1957, Waafrika walipochagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, mpiga kura wa jamii hizi katika Mkoa wa Kati ilibidi kwanza awe na cheti cha uaminifu kwa serikali. Aliyeshinda kiti hicho ni Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru.

Katikati ya hayo yote ikaja sheria ambayo sisi madereva wa leo tunaishi chini yake. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilitungwa mwaka 1953 na kuanza kutumika Januari 1954. Imefanyiwa marekebisho mengi kiasi kwamba mtunzi wake hangeitambua, lakini umri wake ndio huo. Ni mtoto wa Hali ya Hatari. Wakati maafisa wanaandika nani aruhusiwe kuendesha gari, maafisa wengine wa serikali hiyo hiyo walikuwa wanaandika nani aruhusiwe kuvuka mto kwenda kumwona dada yake.

Guka alikuwa na miaka 17. Alivuka mto kwenda kumwona dada yake.

*

Gari lililompakia lilikuwa Land Rover.

Land Rover yenyewe ilikuwa changa kuliko yeye. Ilianza kwenye shamba moja huko Anglesey, Wales, ambako Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep kuukuu la jeshi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Aliona kwamba likifa hana la kulibadilisha, akaamua watengeneze lao. Chuma Uingereza kilikuwa cha mgao, kwa hivyo mwili ukatengenezwa kwa alumini. Gari lilionyeshwa hadharani mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likiwa limekusudiwa wakulima. Miaka michache baadaye lilikuwa limeenea makoloni yote ya Uingereza, na katika nyanda za Mlima Kenya mtu wa kawaida hakulijua kama gari la mkulima. Lilikuwa gari la bwana shauri, la polisi, la jeshi. Lilifika mahali ambapo lori haliwezi, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Kabla yake, matope yalikuwa yanakulinda.

Guka anasimulia safari ile kwa ufupi sana. Walikuwa saba nyuma, wamekaa kwenye chuma. Hakuwa na kibali. Alikaa kituoni wiki mbili, akapigwa, akarudishwa. Wenzake wawili waliendelea hadi kambi za Mwea, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu, ambako wafungwa wa Hali ya Hatari walichimba mifereji ya mashamba ya mpunga tunayoyapita leo tukielekea Nairobi. Anachokikumbuka Guka zaidi ni kwamba kutoka nyuma hakuweza kuona barabara. Aliona migongo miwili tu mbele na, kati yao, mkono wa dereva ukisukuma vijiti viwili, kimoja chenye kichwa chekundu na kingine cha njano.

Baada ya uhuru mwaka 1963 migongo ilibadilika, gari likabaki. Bwana shauri akawa D.O. mweusi, na Land Rover ya kijivu au kijani ikiingia sokoni watu bado walinyamaza kidogo. Upande wa Meru lilipata kazi nyingine pia. Ndilo gari la walinzi wa wanyamapori, na la George Adamson, ambaye pamoja na mkewe Joy walimrudisha porini simba Elsa katika eneo ambalo baadaye lilikuwa Hifadhi ya Taifa ya Meru. Adamson aliuawa tarehe 20 Agosti 1989 huko Kora, ng'ambo ya Mto Tana, alipoendesha Land Rover yake kuwaelekea majambazi waliokuwa wamemvamia mgeni wake. Filamu na watalii wakalifanya Land Rover kuwa picha ya ujasiri na machweo ya jua. Kule kwetu picha ilikuwa ngumu zaidi.

Kisha Julai 1975 baridi kali iliua kahawa Brazili. Bei ya dunia ikapanda kama moshi, na kufikia 1977 wakulima wa Embu na Meru walikuwa wanalipwa pesa ambazo hawakuwahi kuziona. Ile miti ya leseni. Watu walijenga nyumba za mawe, walisomesha watoto, wengine walikunywa yote. Mwaka uliotangulia, kiwanda cha Leyland Kenya kilikuwa kimeanza kuunganisha magari Thika, Land Rover zikiwamo, kwa hivyo kwa mara ya kwanza gari hilo lilikuwa pia, kwa namna fulani, la hapa nyumbani. Guka hakununua jipya. Alinunua kuukuu, ile ndefu, kutoka kwa mzungu aliyekuwa anahama Nanyuki.

Nilimuuliza kwa nini hakununua Peugeot kama wenzake. Akasema, "Nilitaka kukaa mbele."

Leseni yake ni kile kijitabu chekundu cha zamani. Anakihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho na kadi ya chama cha ushirika cha kahawa.

*

Sasa turudi kwa swali langu, maana fizikia haijali historia ya mtu.

Gari kama Vitz lina uzito wa takriban tani 1. Land Cruiser V8, ile ya waheshimiwa, inapita tani 2.5 kabla mheshimiwa hajaingia. Kadiri gari linavyokuwa refu ndivyo linavyokuwa rahisi kupinduka ukikata kona ghafla, na ndivyo mtoto anayepita mbele ya boneti anavyopotea machoni pa dereva. Mwaka 2023 taasisi ya utafiti ya kampuni za bima za Marekani, IIHS, ilionyesha kwamba magari yenye boneti ya urefu wa zaidi ya inchi 40, yaani takriban mita 1, yana uwezekano mkubwa zaidi kwa karibu asilimia 45 wa kumuua mtu wa miguu wakimgonga, yakilinganishwa na magari yenye boneti fupi iliyoinama. Gari fupi hukupiga mguuni, ukaanguka juu yake. Refu hukupiga kifuani, ukaanguka chini yake.

Na kwetu watu wa miguu ndio wanaokufa zaidi. Tangu 2021, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni wale wasio na gari kabisa.

Sheria inasemaje? Kanuni za leseni za mwaka 2020 zilizigawa leseni zetu upya. Bodaboda ana A3 yake. Gari dogo ni daraja la B, na ndani ya B kuna B1 kwa anayejua gari lisilo na klachi tu, B2 kwa anayejua na klachi, na B3 kwa anayeendesha kama kazi. Yaani serikali imeshakubali kwamba ujuzi wa gari moja si ujuzi wa jingine. Imeona tofauti kati ya mguu wa kushoto unaofanya kazi na unaopumzika. Lakini ukishapata B, kuanzia Vitz hadi Land Cruiser, almradi hujapita kilo 3,500, yote ni "gari jepesi". Ile Prado niliyomgonga nayo mtu ilikuwa, kisheria, gari jepesi.

Wenzetu wa mbali wamebishana kuhusu hili bila kufika kwenye leseni. Mwaka 2004 Ken Livingstone, meya wa London wakati huo, aliwaita wapumbavu kabisa watu wanaopeleka watoto shule ndani ya jiji kwa 4x4. Februari 2024 wakazi wa Paris walipiga kura na kukubali magari hayo yatozwe ada ya maegesho mara tatu. Matusi na ada. Miji ile ina lami hadi mlangoni, kwa hivyo 4x4 huko ni anasa na ni rahisi kuigeuza shabaha.

Kwetu mambo yamechanganyika. Kuna V8 za Kilimani ambazo tope lao la pekee ni la kwenye harusi ya ushago. Lakini kuna Land Rover za Chogoria, kuukuu, milango imefungwa kwa waya, zinazopandisha wapanda mlima hadi geti la hifadhi kupitia msitu ambao mvua ikinyesha hata trekta linafikiria mara mbili. Kuna pikapu za maziwa, kama ile iliyombeba mgonjwa wangu. Ukiweka leseni maalum ya shilingi elfu kadhaa na mtihani Nairobi, nani ataumia? Mheshimiwa hata haendeshi. Anakaa nyuma kushoto. Leseni ni ya dereva, siyo ya mwenye gari, na dereva wake ni kijana kama mimi ambaye atakatwa pesa hizo kwenye mshahara. Yule wa Chogoria ataendelea bila leseni, atoe kitu kidogo kila wiki, na siku ya ajali ataitwa mhalifu hata kama amegongwa akiwa ameegesha.

Halafu 4x4 ni nini hasa? Subaru Forester ya kila msee wa Thika Road inasukumwa na magurudumu manne. Kuna hata Probox za namna hiyo. Na kuna RAV4 zinazovutwa na mawili tu. Ukitunga sheria kwa kuhesabu magurudumu yanayozunguka, utamkamata mwalimu na Probox yake na kumwacha wa V8 aliyepata fundi wa kuandika vinginevyo.

Na ujuzi peke yake hautoshi pia. Waangalie madereva wa miraa. Miraa ya Nyambene inakufa haraka. Kemikali yake kuu huanza kuoza siku ile ile inapochumwa, ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa Nairobi kabla ya ndege kuondoka Wilson. Soko la Uingereza lilifungwa tarehe 24 Juni 2014, lakini pikapu zinazotoka Maua bado zinashuka kwenye barabara ya Meru kwenda Embu kana kwamba zinafukuzwa. Sijaona madereva wenye mikono mizuri kuliko wale. Na hakuna mama wa Chuka anayewasikia wakija bila kumvuta mtoto wake nyuma. Mtihani wowote ungewapitisha. Kinachowakimbiza ni saa ya mtu mwingine.

Ni barabara hiyo hiyo inayoteremka hadi daraja la Nithi, kwenye ardhi iliyokuwa Wilaya ya Meru hadi 1992. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru likielekea Pwani lilitumbukia pale, na zaidi ya watu 30 wakafa. Hiyo ilikuwa miezi mitatu baada ya mambo yangu. Nilipoona picha, kitu cha kwanza nilichowaza ni ule mteremko, na mguu wa mtu juu ya breki.

*

Miezi miwili baada ya ajali Guka alinipeleka kwenye kilima nyuma ya kiwanda cha kahawa. Alizima injini juu kabisa, akaniambia nishuke, nitembee njia yote hadi chini kwa miguu. Nilitembea. Akaniita nirudi, akauliza: mtaro una kina gani? Sikuwa nimepima. Nikarudi na fimbo. Wapi udongo unang'aa? Sikuwa nimetazama. Nikarudi mara ya tatu. Nilipopanda tena nilikuwa nahema, viatu vizito kwa tope, na ile njia nilikuwa naijua kama ngazi za kwetu.

Ndipo akanionyesha vijiti. Cha njano huunganisha magurudumu ya mbele. Chekundu ukikivuta, gari linaingia kwenye gia za nguvu na mwendo wa pole, magurudumu yote manne yakifanya kazi. "Chagua gia ukiwa juu," akasema. "Ukishaanza kushuka umechelewa. Na toa mguu kwenye breki. Gari lishuke na injini."

Ni jambo gumu sana kuondoa mguu kwenye breki wakati mwili wote unakuambia ukanyage. Nilijaribu mara sita. Ya saba gari lilishuka polepole kama mzee anayeshuka kutoka kwenye matatu, likinguruma, bila kuteleza hata kidogo. Yote ilichukua asubuhi moja. Asubuhi moja, na mguu wa mtu ungekuwa mzima.

Kwa hivyo hapa ndipo nilipofika. Sitaki leseni mpya ya 4x4. Nataka ile asubuhi moja iwe sehemu ya leseni tuliyonayo. Mtu akitaka kuendesha gari lililopita uzito fulani, tuseme tani 2, afunzwe kwenye gari la uzito huo, kwenye udongo, kwenye mteremko, na alama iongezwe kwenye kadi yake kama zinavyotenganishwa B1 na B2. Uzito unapimika, mzani haubishani. Mafunzo yatolewe kwenye vyuo vya ufundi vya kaunti, na wanaofunza wawe watu kama wale wa Chogoria, ambao leo hawana cheti chochote cha kuonyesha. Na waanze na madereva wa magari ya serikali. Historia ya eneo hili inasema kibali kikianza na mtu wa chini, hukomea hapo hapo kwa mtu wa chini.

Najua udhaifu wa hoja yangu. Mwaka 2004 sheria za John Michuki ziliwafunga matatu mikanda na vidhibiti mwendo, nchi ikalalamika, watu wakatembea kwenda kazini, na kwa muda barabara zikatulia kweli. Kisha mikanda ikakatika na vidhibiti mwendo vikazimwa, na kilichobaki kikawa ni sababu nyingine ya kusimamishwa barabarani. Alama yoyote mpya kwenye kadi inaweza kuishia hapo. Guka ananikumbusha kila nikimsomea rasimu ya makala hii.

Lakini yeye pia ana jambo ambalo hajanijibu. Nilimuuliza: kama kahawa ingelimwa bila mtu yeyote kufunzwa kupulizia dawa, ingepona? Alikaa kimya. Mafunzo yalikuwa na maana. Kilichokuwa uongo ni kusema Mwafrika hafunziki.

Yule kijana niliyemgonga ana jina, lakini si langu kulitoa. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo. Wazee walikaa, familia yetu ikalipa hospitali na kununua pikipiki nyingine. Mwaka jana alipata A3 yake. Mwezi wa tano nilienda kwake, nikamwambia nilichopaswa kumwambia askari siku ile: kwamba gari lilinishinda, kwamba yeye alikuwa upande wake wa barabara, kwamba nilinyamaza kwa sababu karatasi ilikuwa inanipendelea.

Alikuwa anafunga magunia. Alinisikiliza bila kuacha kamba.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona kwa kioo ukija. Ulikuwa umeshika usukani hivi." Akanyoosha mikono mbele, imekakamaa, kama mtu anayesukuma ukuta. "Nikasema, huyu hajui hiyo gari."

Kisha akaniomba nimshikie gunia upande wa pili, tukalipandisha.